Usiniulize mafuta gani, niambie sikio gani

Haya ya kutia mafuta kwenye masikio ya mbwa niliyaongea uwanja wa shule siku ya kuchanja mbwa, mwisho wa mwezi wa tisa, na upepo wetu wa Dodoma ukala nusu ya maneno maana spika ilikua moja na yenyewe inakoroma. Waliokaa nyuma wameniomba niandike. Nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu pale nilipokua nagombana na yule mbuzi aliyekua anatafuna karatasi yangu.

Mbukwenyi! (Mbukwa!) Asanteni. Wazee shikamooni, mama zangu poleni na jua, mwenyekiti wa mtaa asante kwa kivuli cha mwarobaini. Chanjo zipo, barafu ipo, sindano zipo, tunaanza sasa hivi, nimeomba dakika chache tu kabla foleni haijachanganya mbwa wakaanza kuraruana hapa.

Tumekuja kwa ajili ya kichaa cha mbwa, tarehe 28 Septemba ndo siku yake dunia nzima, ni siku aliyofariki yule Mfaransa Louis Pasteur mwaka 1895, ambaye chanjo ya kwanza ya kichaa ilitoka kwenye maabara yake. Ila mi nataka niongee masikio. Msicheke. Mtaona haya mambo mawili yanakutana wapi.

Wiki hii peke yake nimeletewa mbwa wanne wenye masikio mabovu, wawili wa Nkuhungu, mmoja wa Ilazo, mmoja katoka Nzuguni kapakatwa juu ya bodaboda, na wote wanne wenyewe walikua wameshatia kitu humo sikioni kabla ya kuja kwangu. Mmoja katia mafuta ya karafuu. Mmoja katia kitunguu saumu kilichokaangwa kwenye alizeti, yani kapika kabisa. Mmoja katia yale mafuta ya kachupa keusi kadogo, ya mti wa chai, wengi mnayaita titrii. Wa nne hakusema katia nini ila harufu ilisema yenyewe, ilikua petroli.

Na swali lao ni moja, dokta, mafuta gani yanafaa kwa fangasi ya sikio? Sasa mi nikiuliza, sikio gani, mtu ananiangalia kama nimemtukana. Sikio si sikio tu dokta? Hapana. Ndo maana nimesimama hapa.

Kabla sijawagombeza nyie nijigombeze mwenyewe kwanza. Mwaka nilioanza kazi nilikua na mbwa anaitwa Tomi, mwekundu, wa kienyeji kabisa, sikio moja limesimama lingine limelala. Akaanza kukuna lile lililolala, anatikisa kichwa hadi masikio yanapiga makofi, nikamwinua nikaangalia, kuna uchafu wa kahawia una mafuta mafuta, nikanusa, inanuka kama pipa la wanzuki lililosahauliwa nje. Nikasema hii fangasi, na nlikua sahihi, fangasi ilikuwepo. Nlikua nimesoma kwenye simu kwamba titrii inaua fangasi, na hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo nikachukua ile dropa nikavuta nusu, mafuta matupu hayajachanganywa na kitu, nikammiminia, saa mbili usiku, nikajisifu kwamba nimeokoa hela ya dawa.

Saa tano Tomi anadondosha mate. Miguu ya nyuma imelegea, anatembea kama katoka kilabuni, anatetemeka, namuita hageuki. Akatoka nje ya geti. Jirani akamuona kwenye mwanga wa taa akapiga kelele moja tu, KICHAA, na nyie mnajua neno hilo usiku linafanya nini, ndani ya dakika chache kuna rungu, kuna panga, kuna mtu kabeba tofali. Nikatoka na kaptula, mkononi nimeshika kadi ya chanjo na tochi, nasoma tarehe kwa sauti kama katekista. Wakakubali nimfungie stoo hadi asubuhi. Pale stoo nikalala nae mlango mmoja katikati yetu, mi nje yeye ndani, maana hata mimi niliyemtia mafuta sikua na uhakika wa asilimia mia, na kichaa hakina mzaha.

Alisimama vizuri siku ya tatu. Halafu mwenzangu wa kazini akaja na kile kifaa cha kuchungulia sikioni, kina taa mbele, akaingiza taratibu, akakaa kimya, akaniambia leta koleo ndogo. Akatoa kishada cha nyasi. Kimoja, kikavu, kina vimiba, kimezama hadi kwenye kona. Ndo kilikua kinamkuna Tomi muda wote, fangasi ilikuja baadae kula mezani pa mwenzie.

Mnaona sasa. Mafuta yangu yalikua na nguvu, fangasi ilikuwepo, na bado nilikosea kila kitu.

Tuliangalie sikio lenyewe. Sikio letu sisi watu bomba lake ni fupi, linaingia karibu limenyooka. La mbwa linashuka chini kwanza, halafu linakata kona kuingia ndani kuelekea kwenye ngoma ya sikio, umbo la herufi L. Mafundi bomba hapa mnaijua elbo? Basi kila sikio la mbwa lina elbo. Na mnajua uchafu wa sinki unakwama wapi. Chochote kinachoingia, nyasi, kupe, maji ya kuogea, nta, kinakaa pale kwenye kona, pana joto, pana giza, pana mafuta, na mbwa hana kidole cha kuingiza. We ukichungulia kwa macho unaona sehemu ya juu tu, ya chini huioni, kwa hiyo ukisema "nimeangalia sikio" umeangalia mdomo wa kisima.

Fangasi anayekaa humo jina lake la kitaalamu ni Malassezia pachydermatis. Jina lina hadithi, hilo neno la pili maana yake ngozi nene, kwa sababu mwaka 1925 Mmarekani mmoja, Weidman, alimpata kwenye ngozi ya faru wa India aliyekua anabanduka magamba. Kwa hiyo fangasi wa mbwa wako wa Chang'ombe jina lake limetoka kwa faru. Ndugu zake wengine wanakaa kwetu sisi, ndo wanaohusika na mba ya kichwani na yale mabaka meupe ya kifuani. Chini ya hadubini anaonekana kama karanga ambayo haijamenywa, ana kiuno katikati, mtu wa Kongwa akimuona mara moja hamsahau.

Na hili ndo nataka mlishike, huyu fangasi hakutoka nje kuja kumvamia mbwa. Anaishi nae. Mbwa mzima, mwenye afya, masikio masafi, ukichukua pamba ukapitisha ukaangalia utawakuta wachache wamekaa kimya. Wanaongezeka pale ambapo kitu kingine kimeharibu hali ya hewa ya mule ndani. Nyie ni wafugaji nikiongea ng'ombe mtanielewa haraka, ukikuta tai wamejaa juu ya mzoga, tai sio aliyeua ng'ombe. Unaweza kufukuza tai siku nzima kwa mawe, mzoga ukiwepo wanarudi. Mafuta ya mimea ni mawe ya kufukuzia tai.

Mzoga wenyewe ni nini? Mara nyingi kuliko yote ni mzio, aleji, ya vumbi, ya chavua, ya chakula, na mbwa mwenye mzio utamkuta pia anajilamba miguu, anajikuna makwapa, tumbo limekua jekundu. Kuna utitiri wa masikio, Otodectes, huyu anawapenda sana watoto wa mbwa na paka, uchafu wake ni mkavu mweusi kama machicha ya kahawa. Kuna kupe. Kuna nyasi kama ya Tomi, na miezi ya tano hadi ya tisa nyasi zetu zikishakauka ndo msimu wake, hasa mbwa wa kuchunga. Kuna tezi ya shingoni kulegea kwa mbwa wa umri mkubwa. Kuna kuogesha mbwa halafu hukaushi masikio, hii ni ya nyie wa Area D wenye mbwa wa manyoya marefu, mnamuogesha kila Jumamosi na shampuu ya mtoto.

Kuna mtu aliniambia Dodoma kukavu hivi, mvua zenyewe Desemba hadi Aprili na za kuomba Mungu, fangasi itoke wapi, hiyo ni mambo ya Tanga na Dar. Mvua ya nje haina shida na mule ndani. Sikio likivimba njia inabana, nta inazidi, hewa haipiti, mule ndani panakua Tanga hata kama nje ni Manyoni.

Sasa mafuta yenyewe. Sitaki mtu aondoke hapa akisema dokta kasema mafuta ya mimea ni uongo, sijasema hivyo na sitasema. Haya mafuta ya kunukia yanapatikana kwa kuchemsha majani au maua au magome kwa mvuke, ule mvuke ukapoa, mafuta yakaelea juu ya maji. Kule Pemba, Wawi, kuna kiwanda cha makonyo kinafanya kazi hiyo ya kukamua mafuta ya karafuu miaka na miaka. Kinachofanya kazi ndani ya karafuu kinaitwa eujenoli, ndo ile inayotia ganzi jino. Kwenye mchaichai kuna sitrali. Kwenye thaimu kuna thimoli, kwenye oregano kuna kavakroli. Kwenye titrii ni terpineni-4-oli, na huu mti wa chai msije mkauchanganya na chai ya Mufindi, hauna undugu nao hata kidogo, ni mti wa Australia, Wabundjalung wa kule walikua wanatumia majani yake kabla ya mzungu kufika.

Hizi kemikali zinapenda mafuta, zinapenya kwenye utando wa seli ya fangasi unavuja kama ndoo iliyotoboka. Watafiti wa Italia na Brazil wamezijaribu sana dhidi ya huyu huyu Malassezia wa mbwa, na kwenye sahani ya maabara nyingi zinamuua vizuri tu. Sio ushirikina. Bibi yako alikua na akili.

Ila sahani sio sikio! Pale kwenye sahani fangasi kakaa peke yake na mafuta, siku mbili siku tatu, hamna nta, hamna usaha, hamna mtu anayetikisa kichwa. Kwenye sikio tone linaingia linakutana na nta, nta inalinywa, lililobaki linapaa hewani maana haya mafuta yanayeyuka kama spiriti, na mbwa anatikisa kichwa mara moja nusu ya dawa iko kwenye ukuta na nusu kwenye shati lako. Kwa hiyo ili ifike chini kwenye elbo ikiwa na nguvu ile ile ya sahani inabidi utie nyingi au kali, na ukitia nyingi au kali ngozi ya mule, ambayo tayari imechubuka, inaungua. Huo ndo mtego wenyewe, mafuta hayashindwi kuua, ila kipimo cha kumuua fangasi na kipimo cha kumuumiza mbwa vimekaa karibu mno na we nyumbani huna mzani.

Mtu anaweza kuniambia sawa dokta, mi nachanganya na mafuta ya kula. Hapa ndo huwa nacheka na kulia. Malassezia anakula mafuta. Ana vimeng'enya vya kuvunja mafuta apate chakula. Ndugu zake wengine wakitaka kuoteshwa maabara, wataalamu wanawamwagia mafuta ya mzeituni juu ya sahani, bila hivyo hawaoti. Huyu wa mbwa anaweza kujimudu bila kumwagiwa, lakini hakatai sahani ya pili. Kwa hiyo tone moja la karafuu ndani ya kijiko cha alizeti ya Kibaigwa, umemletea adui risasi moja na ugali sufuria nzima. Alizeti yetu ni nzuri sana, ikaeni kwenye mboga.

Kuna mwalimu mstaafu namheshimu sana, sitamtaja, aliwahi kunibishia hili. Yeye alitumia karafuu kwenye alizeti, kidogo sana, na sikio la mbwa wake likakauka kweli, nililiona kwa macho yangu. Likarudi mvua za kwanza. Akatia tena likakauka, likarudi tena mwaka uliofuata, na safari hii yote mawili. Mara ya tatu ndo tukakaa chini tukahesabu miezi, kila mwaka ni wakati ule ule nyasi zinapochanua, na mbwa anajilamba miguu. Mzio. Karafuu yake ilikua inafukuza tai vizuri tu.

Niwape na namba. Marekani kuna kituo cha sumu za wanyama, kesi zao za titrii ya nguvu kamili kwa mbwa na paka zilichambuliwa zikachapishwa mwaka 2014, kwa miaka kumi, 2002 hadi 2012, zilikua 443, mbwa 337 na paka 106. Walichoonyesha wengi ni hiki hiki cha Tomi: mate, kulegea, kuyumba, miguu kukosa nguvu, kutetemeka. Kawaida dalili zinaanza masaa 2 hadi 12 baada ya kupakwa na zinaweza kukaa hadi siku tatu. Na wengi wa wenye wanyama walifanya makusudi, sio ajali, walikua wanatibu. Walikua na nia nzuri kama mimi.

Hapa ndo kichaa na masikio vinapokutana. Mbwa aliyelewa mafuta na mbwa mwenye kichaa, usiku, kwa mbali, hawana tofauti. Mate yale yale, kuyumba kule kule. We unayejua ulichomtia unaweza kueleza, jirani hajui na hatakiwi kubahatisha, na mi namwambia jirani asibahatishe, ukikutana na mbwa wa hivyo kaa mbali, toa taarifa, usimtie mkono mdomoni eti ana mfupa umekwama. Sasa kwa nini umuweke mbwa wako kwenye hali hiyo kwa ajili ya kachupa? Ikishatokea umemmwagia kwenye manyoya, muoshe na sabuni ya maji ya vyombo, maji peke yake hayatoi mafuta, muweke penye joto, usimtapishe, mlete na chupa uje nayo tusome lebo.

Lebo nazo mh. Kiwango cha kimataifa cha titrii kinataka terpineni-4-oli iwe kati ya asilimia 35 na 48. Hivi vinavyouzwa barabarani nani kapima? Ukinunua "mafuta ya mchaichai" lita nzima kwa bei ya soda, jiulize, kilo nzima ya majani mabichi inatoa mililita chache tu, hiyo lita imetoka shamba la nani?

Na kuna ngoma ya sikio. Sikio lililoumwa muda mrefu ngoma yake inaweza kuwa imetoboka na kwa nje hujui. Ukitia kitu kikali kikapita hapo kinaingia sikio la kati, mbwa anaweza kuwa kiziwi, au kichwa kinalala upande mmoja anazunguka kama kafungwa kwenye kigingi. Hii sio mafuta tu, hata dawa za hospitali baadhi, jentamaisini ya kuua bakteria ikiwa mojawapo, tunaziogopa ngoma ikiwa imetoboka. Kwa hiyo mtu yeyote, awe mganga, awe duka la dawa, awe mimi, akikupa cha kutia sikioni kabla hajachungulia, muulize kaona nini.

Basi tunafanyaje. Kwanza napitisha pamba, nazungusha kwenye kioo, natia rangi, naangalia kwenye hadubini. Dakika chache. Nikiona karanga ni fangasi, nikiona vidoti na vijiti ni bakteria, na mara nyingi wako pamoja, na dawa ya fangasi peke yake haiwamalizi hao bakteria. Usaha wa njano au kijani unaonuka mzoga, usiuite fangasi. Nikichungulia nikakuta ngoma nzima, tunasafisha, na kusafisha ndo nusu ya matibabu, watu wanaruka hapa wanakimbilia dawa. Dawa ya kusafishia unaipasha mkononi isiwe ya baridi, unajaza, unaminya shina la sikio kwa nje hadi usikie linalia chwa chwa, unarudi nyuma, unamuacha atikise, unafuta kilichotoka na pamba au kitambaa laini. Vijiti vya pamba vya kwenye pakiti achana navyo, vinasukuma uchafu kwenye elbo. Siki msimtie kama kumechubuka, we jitie ndimu kwenye kidonda uone.

Halafu ndo matone ya kuua fangasi, klotrimazoli au mikonazoli au nistatini, wiki mbili hadi nne, na hapa ndo mnanikatisha tamaa maana siku ya tano harufu ikiisha mnaacha. Harufu sio kipimo. Rudi niangalie tena kioo. Na wakati tunatibu tunatafuta mzoga, kupe, utitiri, nyasi, chakula.

Mtu akisema dokta mi nataka mimea tu, sigombani nae, kuna dawa za masikio za mbwa zimetengenezwa viwandani zina mafuta ya mimea ndani yake, kwa kipimo kidogo, zimepimwa, hizo tunaweza kuzungumza, baada ya kuona ngoma na baada ya hadubini. Titrii kwenye bidhaa za wanyama huwa ni asilimia 0.1 hadi 1. Asilimia moja maana yake matone kama sita tu kwenye mililita 30. Mi kwa Tomi nilitia mia kwa mia, nusu ya dropa. Fanyeni hesabu.

Mkichelewa sana, sikio likivimba miaka, lile bomba linakua gumu kama mfupa, njia inaziba kabisa. Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa, sijui kama walikua na mbwa ila hapo ndo penyewe, hamna tone linalopita, mafuta wala klotrimazoli, inabaki upasuaji wa kutoa bomba lote na huo huufanyi chini ya mwarobaini. Na kabla ya kufika huko, mbwa anayetikisa kichwa sana mshipa unapasuka ndani ya jani la sikio, linajaa damu, linavimba kama andazi. Mkiona andazi msitoboe na wembe, leteni.

Akina mama, mikono. Mwaka 1998 Wamarekani waliandika habari ya wodi ya watoto njiti walioambukizwa huyu huyu Malassezia, na inaelekea aliingia kwa mikono ya wahudumu waliokua na mbwa nyumbani. Kwa mtu mzima mwenye afya usiogope, ila ukitoka kushika sikio la mbwa osha mikono kwa sabuni ndo ushike mtoto.

Maswali nimeambiwa matatu tu maana jua linapanda.

Mzee kauliza mwarobaini, mti tuliokaa chini yake. Mzee wangu, mafuta ya mwarobaini yanakamuliwa kwenye mbegu, ni mazito, sio jamii ya haya ya mvuke, na kwa wadudu wa kwenye ngozi yana sifa yake, siwezi kubisha. Sikioni hapana, kwa sababu ile ile ya ugali.

Kijana kauliza oili chafu ya gari. Hapana. Wala kwa ukurutu wa mgongoni, mbwa anailamba. Petroli pia, na aliyeleta yule mbwa namuona pale nyuma anajificha, karibu tu ndugu yangu, mbwa wako anaendeleaje?

Dada kauliza paka. Paka ndo usithubutu kabisa, ini la paka halina uwezo wa kuvunja hizi kemikali kama la mbwa, na anajilamba mwili mzima, alichopakwa sikioni kesho kiko tumboni.

Haya, glavu nimevaa. Tupange mstari, wakubwa huku, watoto wa mbwa wa miezi mitatu na kuendelea huku, kadi mkononi. Na kila atakayepita hapa nitainua jani la sikio ninuse, msishangae dokta ananusa mbwa. Tuanze na huyo mwekundu wa kwanza, we bwana mdogo mshike taya hivi, usimbane shingo, haya mlete.